Roboti ya kufagia na kupiga deki: pima kizingiti kwanza, bei baadaye

Mwaka na nusu sasa naishi na roboti ya kufagia ndani ya nyumba, na kabla ya hii nlikua na nyingine nkakaa nayo miezi minne nkaiuza kwa hasara, kwa hivyo haya nnayoyasema si ya kusoma kwenye boksi. Kila mtu akija kwetu akaiona yapita chini ya miguu yake swali ni lile lile, ni pesa ngapi na je, yapiga deki kweli. Ya pesa ntasema. Ya deki kaa kitako kidogo, manake hapo ndipo watu wanapochezewa shere.

Nyumba yetu iko Tudor hapa Mombasa, orofa ya pili, vyumba vitatu na sebule, vigae kote isipokua chumba cha mamangu ambacho bado kina ile saruji nyekundu ya zamani iliyosuguliwa hadi yang'ara. Tuko watu wazima watatu, watoto wawili, na paka ambaye si wetu lakini yeye mwenyewe hajui hilo. Mimi natoka kazini mjini saa kumi na moja, mume wangu ni wa shifti bandarini, dada wa kazi aja mara mbili kwa wiki. Siku zilobaki nyumba yamuangalia mama, na mama magoti yamekataa. Yeye ni wa kizazi cha kuinama, deki kwake ni ndoo, tambara, magoti chini, maji mara mbili na ya pili yatiwe pafyumu ya sakafu. Daktari akamwambia basi, akaitikia vizuri pale pale kliniki, tukafika nyumbani nkamkuta yuko chini ya meza na tambara.

Alafu vumbi. Mtu wa bara hawezi kuelewa vumbi la pwani miezi ya kaskazi, Disemba hadi Machi madirisha yote wazi manake ukifunga wapikika, na hilo vumbi laingia lina chumvi ndani yake, lashika kwenye kigae kama limegandishwa. Ongeza mchanga wa Jumapili watoto wakitoka ufuoni Pirates. Asubuhi wafagia, saa nane mchana ukitembea bila ndara wasikia kreche kreche.

Basi ya kwanza nlinunua kwa tamaa. Elfu kumi na tatu na mia tano, duka moja mjini (duka silitaji), yule kijana akaiweka chini ikazunguka akasema dada hii yafagia yapiga deki kama mtu. Sikuuliza kitu. Nlipofika nayo nyumbani nkagundua ile mashine haina macho, yaani haijui iko wapi, yaenda mpaka igonge kitu alafu igeuke iende kwengine, kama mlevi atafuta mlango wa kwao. Sebule yaipita mara sita, kona ya jikoni haijawahi kuiona tangu izaliwe. Yaweza kufagia saa nzima ukaona bado kuna mchele wa jana pale pale. Ile deki yake ni kitambaa kilichobandikwa nyuma kina tangi la maji lisilokua na kizuizi, ikisimama maji yaendelea kutoka, mara mbili nlikuta kidimbwi chini ya kabati. Nkamuuzia jirani ambaye chumba chake ni kimoja na hakina vitu vingi, na huko kwa kweli yafanya kazi vizuri tu. Kwa hivyo sisemi mashine za bei ile ni mbovu, nasema ni za chumba kimoja.

Ya pili nkatulia. Kabla sijatizama hata picha moja nkachukua futi ya cherehani ya mama nkaanza kupima nyumba yangu, watoto wakanicheka. Lakini hilo ndilo jambo kubwa nlilo nalo la kukwambia, nyumba ndio yachagua roboti, si wewe na si bei na si zile namba kubwa kubwa za kwenye boksi.

Pima vizingiti. Nyingi ya mashine hizi zapanda kama sentimita 2 hivi, zaidi ya hapo zakwama tumbo juu ya kizingiti, magurudumu yazunguka hewani. Mlango wetu wa chooni una sentimita 2 na nusu, nkafurahi, manake chooni sitaki iingie. Lakini chumba cha mama kina kizingiti cha zamani sentimita 3 na ushei, na hicho ndicho chumba nlichokua nakinunulia mashine! Fundi wa mbao mtaani akanichongea kipande cha mteremko kwa shilingi mia tatu, akaniuliza ni cha kiti cha magurudumu, nkamwambia ni cha roboti, akanitizama sana. Mji wa Kale huko kwenye zile nyumba za vizingiti vya kuruka na ngazi mbili kila chumba, sikushauri kabisa, utakua wewe ndie waibeba yeye.

Pima pia chini ya makochi na vitanda. Roboti zenye kile kikofia cha leza juu huja kimo cha sentimita 9 na nusu hadi 10. Makochi yangu yalikua na 9 kamili. Wajua uchungu wa kukosa nusu sentimita? Tukatia vijimbao chini ya miguu, sasa wageni wakikaa wanyanyuka kidogo, hakuna aliyesema kitu.

Sasa macho ya mashine. Kuna za kugongagonga kama ile yangu ya kwanza, kuna zenye kamera, na kuna zenye leza inayozunguka ndani ya kikofia na kuchora ramani ya nyumba. Ya leza yaona hata giza totoro, yaenda mistari kama mtu alima shamba, ikimaliza chumba yahamia chengine, na kwenye simu waiona nyumba yako imechorwa na vyumba vyake wavipa majina. Nlichukua ya leza bila kamera na sababu yangu si ya kiteknolojia. Nyumbani kwetu mwanamke akiingia avua buibui, mama akaa na leso moja kutwa, wifi zangu wakija ndio kabisa, vichwa wazi wasukana nywele. Mimi kitu chenye kamera kinachotambaa chini ya meza na kiko kwenye intaneti sikitaki. Mume wangu akasema naogopa bure. Nkamuonyesha, mwaka 2022 jarida la MIT Technology Review kule Marekani lilitoa habari ya picha zilizopigwa na roboti za majaribio za iRobot, ile kampuni ya roboti za kufagia za Roomba, zikaishia mitandaoni, na moja ilikua ya mwanamke amekaa chooni. Kampuni ilisema zilikua mashine za majaribio na wenye nyumba walikubali, na waliozivujisha ni watu walopewa kazi ya kuzipanga hizo picha, sawa, lakini picha si zilitoka? Akanyamaza. Kusema haki kamera ina faida yake, yaona vitu vidogo chini, waya, soksi, na mavi ya paka. Leza yaona kwenye usawa wa kile kikofia chake tu, kilicho chini ya hapo haikijui mpaka ikigonge. Ndara zangu zimesukumwa mpaka uvunguni mara ngapi sijui. Na ya paka tusiiongelee, ilikua mara moja, nliosha magurudumu kwa mswaki nusu saa huku nasoma istighfari.

Namba za kuvuta, zile paskali. Huyu ana 2500, yule 4000, yule 8000, sasa wamefika juu zaidi ya hapo. Wauzaji ndio wanapopenda kukushika. Ile namba ni ya nguvu ya mwisho kabisa, na ukiiweka nguvu ya mwisho betri yaisha mbio na kelele kama blenda, hamna mtu aiweka hivyo kila siku. Kwenye kigae mchanga uko juu juu tu haujajificha, yangu ina 4000 na siku zote naiwacha kwenye nguvu ya kati, yatosha na yabaki. Kama una mazulia mazito ya manyoya ukuta hadi ukuta hapo sawa tafuta kubwa. Ila nani Mombasa ana zulia ukuta hadi ukuta na joto hili? Zaidi tizama brashi, ya mpira mtupu ni bora kuliko ya nywele nywele, manake nywele ndefu za kina sisi zajifunga pale. Yangu ni mchanganyiko, kila Jumamosi naikata nywele na mkasi, na hio ni nyumba yenye wanawake wawili tu na binti mmoja.

Haya, deki.

Nilipoileta mama hakusema neno. Akaiwacha ikafagia ikapiga deki sebule nzima, ikarudi kwenye kituo chake ikasema maneno yake kwa Kiingereza. Mama akaenda chumbani akaja na hanchifu nyeupe ya marehemu baba, akainama polepole ameshika kochi, akapangusa kigae karibu na mlango, akanionyesha. Kijivu. Kesho yake dada akapiga deki ya kawaida, ndoo na mopa, mama akarudia na upande wa pili wa ile hanchifu. Nyeupe, labda manjano kidogo. Hakunicheka, alikunja hanchifu akaweka.

Na ndio kweli. Hii aina yangu huburuta kitambaa kilicholowa nyuma yake, yapangusa vumbi laini lililobaki baada ya kufagia, haisugui. Chai ya maziwa ilomwagika ikakauka, yaipita kama haijaiona. Ukwaju ndio usiseme. Kuna aina bora, zenye vitambaa viwili vya duara vinavyozunguka na kukandamiza chini, hizo zasugua kwa haki, au zenye kitambaa kinachotetemeka, na siku hizi kuna za roli inayojiosha yenyewe ikienda. Kama deki ndio haja yako kubwa nenda kwenye za kuzunguka, usinunue ya kuburuta alafu useme hukuambiwa. Na mafuta, la, usiipeleke jikoni siku ya kukaanga. Mimi Ramadhani ya kwanza niliisahau, nlikua nimekaanga mahamri na viazi karai, matone yako chini, ikapita pale ikaondoka na mafuta kwenye kitambaa ikayapaka ukumbi mzima mpaka mlango wa mama, futari yenyewe bado dakika ishirini na sakafu yateleza kama ngalawa imepakwa sifa, yale mafuta ya papa. Kuanzia siku hio jikoni nimepachora mstari mwekundu kwenye ramani, haingii bila ruhusa.

Jambo ambalo hakuna video hata moja ya wazungu au Wachina itakayokwambia ni maji. Sisi mfereji ukitoka ni sherehe, tangi la juu la jengo lajazwa maji ya kisima, na maji ya kisima ya hapa mwajua yenyewe, chai yake yajitia chumvi. Nliyatia kwenye roboti miezi miwili bila kufikiri. Kwanza vigae vikaanza kuwa na michirizi myeupe, ukisimama upande wa dirisha waiona wazi kama mgongo wa ng'onda. Alafu deki ikawa kavu, kitambaa chatoka vile vile kilivyoingia, nkadhani pampu imekufa. Nlipolifungua lile tangi na kulitizama na tochi ya simu, vile vitundu viwili vya kutolea maji vimeziba kwa chumvi, chembe ngumu kabisa. Nkaloweka usiku kucha kwa maji ya moto na ndimu, asubuhi nkadungua na sindano ya kushonea, kimoja kikafunguka, cha pili mpaka leo chatoka nusu, kwa hivyo deki yangu upande wa kushoto huwa kavu kuliko wa kulia. Sasa yanywa maji ya dispensa, ya kunywa sisi. Usishtuke, tangi lake ni mililita 250, dumu la lita 20 ni mara 80. Masika, Aprili na Mei, twakinga ya mvua kwenye madumu barazani na hayo ndio bora kuliko yote. Na jiki usitie, wala dawa ya kuua vijidudu, yala mipira ya ndani na waranti yako waiua mwenyewe. Mama alitaka kutia pafyumu yake, tukakosana siku moja nzima.

Kwa sababu hio hio ya maji ndio sikuchukua zile zenye kituo kikubwa kinachojiosha. Shogangu mmoja wa Nyali anayo, zaidi ya laki moja alitoa, kituo chenyewe kikubwa kama mtungi wa gesi, kina tangi la maji safi na tangi la maji machafu, mashine yarudi katikati ya kazi yaoshwa vitambaa, mwisho yakaushwa kwa upepo wa moto. Ni kitu cha kupendeza sikatai, na deki yake ile hanchifu ya mama ingetoka na haya kidogo. Lakini yale matangi ni lita 3 mpaka 4, hayo si maji ya kumnunulia mashine kwenye dispensa, wataka mfereji mzuri. Alafu joto letu. Alikwenda Lamu Ijumaa akarudi Jumatatu, hakumwaga maji machafu, aniambia alipofungua mlango alidhani kuna kitu kimekufa. Huko kwao wanasema mwaga kila baada ya matumizi, hapa ni lazima, si ushauri.

Kuna kituo cha katikati, kisichoosha ila chanyonya vumbi kutoka kwenye roboti na kulitia kwenye mfuko wa karatasi, wasema mfuko mmoja wakaa hata miezi miwili. Kwetu na mchanga huu mama hawezi kusubiri miezi miwili, atataka kuona. Na mifuko yenyewe utaipata wapi ikiisha? Hilo liulize kabla. Mimi namwaga kwa mkono kila jioni, kikopo kimoja, sekunde kumi, na naona nilichotoa. Kuna raha yake.

Mambo ya stima haraka haraka. Hapa ni volti 240 na soketi ya pini tatu za mraba, ukiagizia kwa ndugu walioko Dubai au Saudia plagi ni hio hio wachomeka tu, lakini ya Marekani angalia sana, vituo vikubwa vya huko mara nyingi ni vya volti 120 peke yake na ukivichomeka hapa ni moshi. Vile vidogo vya kuchaji tu kawaida vyakubali zote, soma kibandiko chini, kimeandikwa. Tia kidude cha kulinda kama cha friji manake stima ikipotea si tatizo, tatizo ni inavyorudi. Ikipotea katikati ya kazi roboti yaendelea na betri yake, lakini ikitaka kurudi kituoni kituo kimezima, hakitoi ile ishara ya kuielekeza, basi yafika karibu yaanza kuzungukazunguka yatafuta, mwishowe yasimama katikati ya sebule. Usiku ukienda kunywa maji waikanyaga. Nshaikanyaga.

Na waifai, nyingi zashika ile ya masafa ya gigahezi 2.4 tu si ile ya 5, kama rauta yako imechanganya zote mbili kwa jina moja waweza kukesha hapo. Mimi siku ya kwanza niko chini sakafuni na simu napiga kelele, waifai haishiki, waifai haishiki! Mama kutoka chumbani, wifi yako yuko Malindi, ashike nini? Na kama wanunua ile ya soko la China kwa sababu ni rahisi, jua programu yake yaweza kukutaka ujisajili kama uko China na sauti ni Kichina. Kuna wanaozifanyia ujanja, mie sina huo muda, nilichukua ya soko la nje.

Vitu vya sakafuni vya nyumba ya Kiswahili hakuna kiwanda kilichovifikiria. Mkeka wa ukindu, ile brashi ya pembeni yatafuna ncha zake, mkeka wa mama umeota ndevu upande mmoja kabla sijajua. Sasa wakunjwa kabla au wachorewa mstari kwenye ramani. Mbuzi ya nazi ikiwachwa chini imefunguliwa, roboti yaingia katikati ya miguu yake haitoki, yaanza kulia msaada, na mwanangu akaja mbio, mama, mbuzi amekamata roboti. Zulia jeusi, hili ni la ajabu, chini ya mashine kuna visensa vya kuona shimo ili isianguke kwenye ngazi, hutuma mwanga na kungojea urudi, na rangi nyeusi haiurudishi huo mwanga, kwa hivyo yaona zulia lako ni shimo, yafika ukingoni yarudi nyuma na adabu zake. Utaambiwa ubandike selotepu kwenye visensa. Ukibandika na mlango ukiwachwa wazi itashuka ngazi za jengo zote, uamuzi ni wako.

Kubwa kuliko yote ni chetezo. Alhamisi jioni mama afukiza udi, chetezo chini katikati ya ukumbi makaa yawaka, na mimi roboti nlikua nimeiwekea ianze saa kumi na mbili. Nlikua natoa viatu mlangoni nkaiona yatoka kituoni imenyooka, yakigonga chetezo, kaa moja likaruka chini na ile brashi ya pembeni yazunguka yalisogelea. Niliirukia na mkoba wangu mkononi. Ndani ya ile mashine kuna kikopo cha vumbi kavu, filta ya karatasi, na betri ya lithiamu, ebu fikiria mwenyewe kaa likiingia. Sasa yafanya kazi saa nne asubuhi tu, hakuna jioni, na Alhamisi nimeizima kabisa.

Pesa. Nililipa elfu arobaini na sita kwa mpesa, duka jengine mjini baada ya siku mbili za kuzunguka, alianza hamsini na mbili. Safari hii kabla ya kutoa hela niliuliza filta mnayo? brashi ya pembeni mnayo? betri ikifa mwaka wa pili mwanipa au mwanipa pole? Duka la kwanza nliloingia walisema dada hizi haziharibiki, nkatoka. La pili wakaniuzia mashine na filta mbili za akiba papo hapo na waranti ya mwaka imeandikwa na kupigwa muhuri. Kama hujui pa kuanzia chukua aina zenye watu wengi, Xiaomi na Roborock vipuri vyake vya kuigiza vimejaa mitandaoni, kuliko jina ambalo hulipati popote ila kwenye lile boksi lenyewe. Filta mimi yakaa kama miezi mitatu, kwao waandika zaidi, vumbi la chumvi halijasoma maandishi yao. Zile bati mbili za kuchajia chini, futa na kitambaa kikavu kila wiki, kwetu zilianza kuota kutu ya kijani nkadhani betri imekufa kumbe ni hewa ya bahari.

Je, ningenunua tena? Ya leza, ndio, hii hii au inayofanana nayo, ila ningeongeza kama elfu kumi na tano nipate ya vitambaa vya kuzunguka. Kituo kikubwa hapana, mpaka mfereji ubadili tabia. Kufagia naipa tisa kwa kumi, sebule, ukumbi na vyumba vitatu yamaliza dakika 50 na kitu na betri yabaki zaidi ya nusu, na ile kreche kreche ya saa nane mchana imekwisha, hilo peke yake kwangu latosha. Deki nne. Dada bado aja mara mbili na ndoo yake, tofauti ni kwamba sasa haanzi na kuzoa mchanga, aanza na deki moja kwa moja na saa tano ashamaliza.

Mama nae wamezoeana. Ikifika saa nne kasorobo ainuka, akunja mkeka, mbuzi ya nazi juu ya meza, ndara zetu azipanga kwenye rafu, alafu akaa kitandani miguu juu yuasubiri. Nilimwambia, mama, si tumenunua ili upumzike? Akasema mgeni akija humpishi njia? Ila magoti hayapigi tena chini, na hilo sikulitaja kwake nisije nkaliharibu.

Binamu aja mwisho wa mwezi kutoka Dubai, nshamuagiza filta tatu na brashi mbili za pembeni. Mama nae kamuagiza pafyumu ya sakafu, ile ya chupa kubwa. Ndoo yake bado iko pale pale nyuma ya mlango wa jikoni, na tambara limekunjwa juu yake.